Aliyeuchuma Ale Kwanza

Siku mliyoniaga nilipostaafu, wanangu wa jikoni, mlinipikia mchuzi wa nyama na uyoga, mkaumwaga juu ya mihogo na magimbi ya kuponda, mkaniwekea mbele yangu pamoja na kitambaa kilichokunjwa kama ua. Nami nikakaa nikautazama. Niliwaona mkikonyezana. Mmoja wenu akanong'ona kwamba bibi ameringa, mwingine akasema labda ni meno. Meno yangu ni mazima, asanteni. Nilikuwa nauangalia mlango wa jiko, nikisubiri mtu atoke aje ale kwanza, na hakutoka mtu. Nilipouliza uyoga mmeutoa wapi, mkaniambia kwa furaha kwamba ni wa kopo, umetoka dukani. Ndipo nikaelewa. Kopo halina mtu wa kula kwanza. Nikala, nikashukuru, nikarudi zangu Katubuka na khanga mlizonipa, na tangu hapo nimekuwa nikijiambia kwamba lazima niwaandikie, msije mkadhani nilikidharau chakula chenu.

Sitaandika habari za vyeo. Cheo changu cha kwanza na cha mwisho vilitofautiana kwa neno moja, na neno hilo halikuwahi kuivisha nyama.

Niliingia katika jiko lile mara baada ya Uhuru, nikiwa msichana mwenye mikono mikubwa na akili ya kutosha kuosha sahani. Nyumba ya wageni ya serikali mnaijua, ipo palepale kilimani, ziwa lote liko chini yake. Wakati ule ukumbi ulikuwa na mapazia na jiko lilikuwa na moshi. Mapazia yalibadilishwa kila alipokuja mkubwa mpya, lakini moshi niliuacha nilipostaafu, kama mlivyoona.

Mpishi mkuu alikuwa Mzee Asukulu. Alikuwa Mbembe, mtu wa ng'ambo ya ziwa, aliyevuka zamani akajenga Bangwe. Alikuwa amepika ndani ya meli, kisha akawapikia Wazungu wa boma, na walipoondoka walimwachia kofia moja nyeupe ndefu. Kofia hiyo aliipiga pasi kila asubuhi kabla ya kupiga pasi shati, na kama makaa hayakutosha vyote viwili, alivaa kofia iliyonyooka na shati lenye mikunjo. Alikuwa mtu wa maringo, msije mkadhani nawasimulia habari za malaika.

Siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zote. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Weye, mutoto, unajua kupika?"

"Najua, Mzee."

"Basi sahau. Mutu anayejua ananichelewesha."

Chakula kikubwa cha nyumba ile kilikuwa kimoja: nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole na uyoga, na viazi vya kuponda. Wazungu walikiacha pamoja na vitanda. Kila mgeni wa heshima alilishwa hicho, hata jua likiwa linapasua mabati, hata kama ziwani migebuka ilikuwa inaruka yenyewe kuingia mtumbwini. Mgeni wa heshima hakuja Kigoma kula samaki kama watu wa Kigoma.

Mtaniambia nyama ni nyama. Siyo. Nyama ya siku zile ililetwa na miguu yake yenyewe kutoka Kasulu, na ng'ombe aliyetembea safari ile hafi akiwa laini. Mzee alinifundisha kuikata vipande vya ukubwa wa kiberiti, kuifuta ikauke, kuipaka unga wa ngano kidogo, kisha kuikaanga kwenye mawese yaliyopata moto hasa, vipande vichache vichache. Nilipotaka kuwahi nikamwaga yote, alinipiga mwiko wa mkono. "Ukijaza sufulia, nyama haikaangiki. Inalia machozi, inachemuka ndani ya machozi yake." Ikishabadilika rangi pande zote, inatolewa, ndipo vitunguu vinaingia mle mle, na nyanya, na supu ya mifupa iliyochemshwa tangu alfajiri. Wazungu walitaka kitiliwe mvinyo. Mzee, kwa kuwa nusu ya wageni walikuwa wazee wa Ujiji wenye kanzu zao, alitia maji ya ukwaju, na hakuna Mzungu aliyewahi kugundua. Mmoja alisifu mvinyo wenyewe akauliza ni wa mwaka gani. Mzee alimjibu kwamba ni wa mwaka huu.

Uyoga huingia mwisho. Miaka ile ya kwanza ulikuwa wa kopo; ule mbichi haulowekwi majini, maana unakunywa kama sponji. Unafutwa kwa kitambaa kibichi, unachanwa kwa mkono, unakaangwa pembeni na kitunguu kidogo, kisha unatiwa sufuriani nyama ikiwa imekwisha kulainika. Hapo sufuria inafunikwa kwa jani la mgomba na moto unapunguzwa.

Hapo ndipo nilipogundua jambo. Kila mara uyoga ulipoingia, Mzee alichota mchuzi kwa kijiko akanipa mimi. "Onja." Nikaonja. "Chumvi?" Nikasema bado kidogo. Akaongeza. "Sasa?" Nikasema sasa. Mwanzoni nilidhani ni mtihani, nikawa najibu kama mtu aliye mbele ya mkaguzi. Baadaye nikaona kwamba yeye mwenyewe hakuonja hata siku moja. Nyama alionja, viazi alionja, ukwaju alionja akakunja uso. Uyoga ukishaingia, sufuria ile ilikuwa yangu.

Nikamuuliza. Alifunga mlango wa jiko kwanza.

"Miye sikulaka uyoga, Resti. Baba yangu hakula, babu yangu hakula. Ni mzio wa ukoo wetu, mwiko wa mababu. Mukono unaweza kuushika, mudomo hapana."

"Na Wazungu walijua?"

"Wajue kwa sababu gani? Weye ungemuandika kazi mpishi asiyeonja sufulia yake?"

Nikasema nisingemwandika. Akasema basi nifunge mdomo, niufungue wakati wa kuonja tu. Nikafanya hivyo, na kwa miaka kadhaa yeye akawa mkono na mimi nikawa ulimi, na wageni waliandika sifa kwenye kitabu cha wageni wasijue kwamba wanawasifu watu wawili.

Kisha likaja Azimio, na baada ya Azimio akaja Bwana Sylvesta.

Bwana Sylvesta alikuwa meneja mpya. Alitoka kwenye kozi. Hakusema kozi ya nini, ila alianza kila sentensi kwa kusema "kule kozini", nasi tukaelewa kwamba ilikuwa ndefu. Siku ya kwanza alitukusanya akatuambia kwamba kuanzia sasa hakuna bwana wala mtwana, sote ni ndugu. Siku ya pili alitoa amri kwamba ndugu wa jikoni wasionekane ukumbini wakati wageni wanakula, kwa sababu jasho lao linawaondolea wageni hamu. Alipiga marufuku kofia ya Mzee kwa kuwa ni kasumba ya kikoloni, akaikunja akaitia kabatini mwake mwenyewe. Alikusanya uma na visu vyote akasema Mwafrika ana vidole. Wakubwa kutoka Dar es Salaam walipokaribia, uma na visu vilirudi mezani kimyakimya, na vidole vikarudi kwetu.

Vyakula navyo vilikombolewa. Kastadi ikawa Uji wa Mayai wa Kujitegemea. Mchuzi wetu wa nyama ukaitwa Mchuzi wa Mapinduzi ya Kijani, ingawa ulikuwa wa kahawia kama siku zote. Mzee Asukulu aliuliza kama ajitahidi kuugeuza rangi ufanane na jina. Bwana Sylvesta hakucheka. Tangu siku hiyo akawa hampendi Mzee, na Mzee, ambaye kofia yake ilikuwa kabatini, hakuwa na sababu ya kumpenda yeye.

Makopo ya uyoga yakaisha. Viazi mviringo vikaadimika, maana lori lililokuwa likivileta lilikuwa limepelekwa kuhamisha watu kwenda vijijini. Bwana Sylvesta akatangaza kwamba hatuna shida, nchi ina ardhi na ardhi ina mizizi. Hapo, nasema haki, hakukosea. Tulijifunza kuponda tulichonacho: mihogo mitamu iliyochemshwa ikatolewa ule uzi wa katikati, magimbi kwa ajili ya ulaini, viazi vitamu vyeupe kidogo tu ili visigeuze chakula kuwa kitumbua. Kila kimoja kinachemshwa peke yake kwa sababu haviivi pamoja, kisha vinakutana kwenye kinu vikiwa bado vya moto, na samli na maziwa. Ukiacha mihogo ipoe ndiyo uiponde, utapata gundi ya kubandikia matangazo. Tulibandikia kweli, mara moja, tangazo la Bwana Sylvesta juu ya usafi.

Habari ya mgeni ilikuja wakati wa mvua. Alikuwa mkubwa hasa, kutoka makao makuu, anakuja kuona vijiji vipya na kula chakula cha mchana pamoja na wazee wa mji na wa milimani. Kilichotakiwa kilikuwa nyama na uyoga, kwa sababu mtu fulani aliyewahi kulala kwetu alikuwa amemsimulia.

Bwana Sylvesta aliingia jikoni, jambo alilolifanya kwa nadra, akasimama mahali palipo safi.

"Ndugu Asukulu, nitasema wazi. Wewe ni mabaki. Nimeshapata kijana wa kozini wa kushika jiko hili. Lakini mgeni anakuja, na kijana hajafika. Mgeni akila akaridhika, utabaki. Asiporidhika, utakwenda kijijini ukalime kama wananchi wengine."

Mzee aliendelea kukata vitunguu. Alikuwa na umri mkubwa kuliko alivyokubali, na katika maisha yake jembe alilijua lile la kwenye ngao ya taifa, iliyotundikwa pale mapokezi. Nyumba aliyokaa ilikuwa ya kazi; ile ya Bangwe ilikuwa imekwisha kuanguka upande mmoja. Bwana Sylvesta alipotoka, Mzee aliketi juu ya gunia la mihogo. Sikuwahi kumwona ameketi jikoni. Nilisikia uchungu, nikawa sijui pa kuuweka.

"Uyoga utatoka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia utatoka kwa mama yangu.

Sasa niwaeleze, nyinyi wa kopo. Kwetu, huku milimani, uyoga hauliwi hivi hivi. Kila mwaka mvua zikianza, wanawake wanaingia porini, chini ya miti na kwenye vichuguu, na kila mmoja ana mahali pake ambapo hata dada yake hamwonyeshi. Uyoga mzuri na uyoga wa kuua huvaa nguo zinazofanana. Kwa hiyo ipo desturi: aliyeuchuma ndiye anayekula kwanza, kwenye sufuria ileile, mbele ya wote. Wengine wanakaa, wanazungumza habari za mvua na za ng'ombe, wanamtazama bila kumtazama. Akiendelea kuwa mzima mpaka maneno ya mvua yanaisha, wananawa mikono. Kukataa kula kabla yake si kumtukana. Kula kabla yake ndiyo matusi, maana unamwambia kwamba roho yako haina thamani, na dhamana yake wala huijali.

Niliingia porini na mama yangu, Nyabenda. Yeye alinionyesha, mimi nikachuma, kwa sababu alisema magoti yake hayainamii serikali. Nilijaza kikapu. Mzee Asukulu alipouona aliuinamia akaunusa, kisha akageuka haraka kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe.

Nyama ilichinjwa na mtu wa Ujiji ili wazee wote wale bila shaka. Mzee alipika siku hiyo kama mtu anayeomba. Hakuimba, hakunitania. Nikaonja nikasema chumvi imekaa, akaniuliza tena, nikaapa. Mihogo na magimbi vilitoka kwenye kinu laini na vizito kiasi kwamba mwiko ulisimama wenyewe. Tukapakua, wahudumu wakapeleka, na sisi tukabaki nyuma ya mlango wa jiko. Mlango ule ulikuwa na ufa. Kila mpishi aliyewahi kufanya kazi pale anaujua ufa huo.

Bwana Sylvesta alitoa hotuba ya kukaribisha. Mgeni, mtu mwembamba mwenye miwani na sauti ya upole, akasema hawezi kuanza kabla ya wazee, wazee kwanza. Watu wakapiga makofi. Wazee nao wakaitika vizuri, wakaweka mikono mapajani, wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Chakula kikakaa.

Mgeni akatabasamu. Wazee wakatabasamu. Mzee Gwimo, aliyekuwa mkubwa wao, mtu wa milimani mwenye fimbo nyeusi, akaeleza jinsi mto wa kwao ulivyofurika. Mwingine akaeleza wa kwao. Bwana Sylvesta akaona jambo, akainuka akatangaza kwamba nyama ni halali, imechinjwa Ujiji. Wazee wakashukuru, hasa wale wenye kanzu, na hakuna aliyegusa kijiko. Akadhani ni vijiko. Akaagiza viondolewe, isipokuwa chake, yaletwe maji ya kunawa, Mwafrika ana vidole. Wakanawa. Vidole vikarudi mapajani. Akawaza labda hawakuelewa ruhusa, akasema, "Karibuni jamani, tujisikie nyumbani."

"Tumeshajisikia," alisema Mzee Gwimo, akaendelea na mto.

Nyuma ya mlango Mzee Asukulu alinishika mkono. Mafuta juu ya mchuzi yalikuwa yanaanza kuganda. Aliyaona kutoka pale. "Resti, wanangojea nini hawa? Chakula kinakufa."

Mimi nilijua wanangoja nini. Nilijua tangu mwanzo, ila kwa miaka yote ya makopo desturi ile haikuwahi kuingia ukumbini, nami sikufikiri kwamba siku hiyo ingeingia pamoja na kikapu changu.

Mwishowe mgeni aliuliza kwa heshima, "Wazee wangu, kuna jambo?"

"Hakuna jambo, mwanangu," alisema Mzee Gwimo. "Huu ni uyoga. Tunamngoja mwenyewe."

Bwana Sylvesta akacheka cheko la kozini. "Ah! Ni hilo tu? Basi nitaanza mimi." Akachota kijiko kilichojaa.

"Wewe umeuchuma?"

"Hapana, mzee."

"Unaujua?"

"Siujui, lakini..."

"Basi ukila, sisi utakuwa umetuambia nini? Tutajua tu kama wewe umekufa."

Watu hawakucheka, lilikuwa neno la kawaida kabisa. Kijiko cha Bwana Sylvesta kilikuwa kimefika kidevuni. Nilimwona akikitazama, nikaona akielewa kwa mara ya kwanza ni kitu gani alichokishika. Kikashuka polepole mpaka kwenye sahani, na sidhani kama nimewahi kuona kijiko kikitua kwa uangalifu vile.

"Mpishi!" akapaza sauti. "Mpishi aitwe hapa!"

Mzee Asukulu aliingia ukumbini kichwa wazi, bila kofia yake, amejifuta mikono kwenye kaptula. Alikuwa mdogo pale ukumbini, mimi nilizoea kumwona mkubwa. Bwana Sylvesta akamsukumia sahani yake, na kijiko chake ndani. "Kula, ndugu. Mbele ya watu."

Nawaomba mfikirie hali ilivyokuwa. Mpishi anayekataa kula uyoga wake mwenyewe mbele ya mkubwa wa nchi, wazee wote wanatazama, ataitwa jina gani? Kijiji hakingetosha, wangemtafutia mahali penye kuta. Na akila, atakuwa amekula kile ambacho baba yake na babu yake hawakukila, na kwa mtu kama yeye hilo halikuwa jambo la kutema na kusukutua. Aliinamia meza. Akashika kijiko. Hakunitazama, kwa sababu hakutaka kunitia matatani. Akachota uyoga, nami nikaona kwamba atakula. Angeula, kisha angerudi nyumbani akiwa mtu mwingine, ili apate kuendelea kutupikia.

Nilisukuma mlango. Ndugu wa jikoni, na jasho langu.

"Mzee hakuchuma," nikasema. "Nilichuma mimi."

Bwana Sylvesta alifungua mdomo, lakini Mzee Gwimo alikuwa amekwisha kugeuza fimbo yake upande wangu, akaniamkia kwa lugha ya kwetu.

"Mwakeye, binti. Wewe wa nani?"

"Mwakeye, Mzee. Wa Nyabenda. Katubuka."

"Nyabenda namjua. Alinilisha uyoga nikiwa kijana, na huyu hapa mimi." Akawageukia wenzake. "Basi mwacheni huyo mzee, hili si lake. Binti, keti."

Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, cha Bwana Sylvesta, kwa kuwa alikuwa amesimama akihangaika. Nikaketi humo, karibu na mgeni, na sahani ya Mzee nikaivuta mbele yangu. Mikono yangu ilinuka moshi na vitunguu. Nikala. Nilianza na uyoga peke yake ili wauone, kisha nyama, kisha nikachovya mihogo kwenye mchuzi. Wakanitazama bila kunitazama. Mgeni alikuwa na akili: alimuuliza Mzee Gwimo, "Na mvua za mwaka jana zilikuwaje?" Wakazungumza mvua za mwaka jana, na za mwaka juzi. Mimi nikaongeza mihogo. Nilikuwa na njaa, tangu asubuhi nilikuwa nimeonja tu.

Mvua zilipoisha, Mzee Gwimo akanawa tena, akachota. Ukumbi mzima ukainama.

Lakini hatari haikuwa imekwisha. Mgeni, katika wema wake, akamwona Mzee Asukulu amesimama ukutani. "Na mzee wetu? Njoo ukae nasi, ule kazi ya mikono yako." Hata sahani ikaanza kujazwa. Nilibaki na tonge mdomoni, sikuwa na ujanja mwingine. Mzee Gwimo alimtazama Mzee Asukulu, akatazama mikono yake aliyoificha nyuma, kisha akasema huku anatafuna, "Mwacheni. Mpishi akiketi, nani atatuongeza?" Mgeni akacheka, sahani ikarudi. Kama alijua au alitaka tu kuongezwa, sikumuuliza. Aliongezwa mara nyingi.

Mgeni alisimama kutoa shukrani, akasema hajawahi kuona ujamaa ulioelezwa vizuri kama siku hiyo, mtu anatanguliza uhai wake kwa ajili ya wenzake mezani. Akasema kila akija Kigoma anataka chakula hiki, kutoka kwa mzee huyu na binti huyu. Bwana Sylvesta alipiga makofi kuliko wote. Ile kofia ilitoka kabatini siku iliyofuata, imenyooshwa, na yule kijana wa kozini hatukumwona mpaka leo.

Mngedhani basi yamekwisha. Bwana Sylvesta alikuwa amesikia sifa, na mtu wa kozi akisikia sifa huandika waraka. Waraka ukasema kwamba kuanzia sasa, katika nyumba yetu, mzalishaji wa kila chakula ale kwanza mbele ya wageni, kwa ajili ya elimu ya siasa. Siku ya kwanza ilikuwa ya samaki. Wavuvi wa Bangwe walikuja, na kwa kuwa wavu haukokotwi na mtu mmoja, walikuja wote, wengine na wake zao waliosema wao ndio waliosuka kamba. Walikula kwanza. Walikula na pili. Wageni walipewa chai. Siku ya maharage waliitika wakulima kutoka kijiji kizima, na kiongozi wao akamweleza Bwana Sylvesta kwamba maharage wamelima kwa pamoja kama walivyoelekezwa, hivyo hawezi kula mmoja. Waraka ulikufa kimya. Uyoga peke yake ndio uliobaki na desturi yake, kwa sababu ulikuwa nayo kabla ya waraka.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka nilipostaafu. Nimekula mbele ya wakubwa wengi ambao majina yao mmeyasoma mashuleni. Wengine walidhani mimi ni mlafi. Mmoja alinipa pole kwa njaa. Sikuwaeleza.

Mzee Asukulu alishika jiko mpaka macho yalipoanza kumdanganya, akapata na wasaa wa kuinua upya ule ukuta wa Bangwe. Siku yake ya mwisho alipika mchuzi uleule, mimi nikaonja, akaongeza chumvi nilipomwambia. Wageni walikula wakaondoka. Akavua kofia, akaikunja, akaitia kwenye kikapu pamoja na kisu chake. Hakuniachia hata kimoja, na sikutegemea. Alifika mlangoni akageuka.

"Resti. Nikuulize kitu. Huu uyoga... una ladha gani?"

Alikuwa ameupika maisha yake yote. Nilimtazama pale alipo, mzee aliyelisha mabwana na ndugu na asiruhusiwe kamwe kujua amewalisha nini, nikatafuta maneno, nikayapata mengi tu, na yote yalikuwa ya kumtia hamu.

"Hauna kitu, Mzee," nikasema. "Kama maji ya kunde. Hujakosa kitu."

Akatikisa kichwa, ameridhika kabisa. "Hata miye nilikuwa nawaza hivyo. Wazungu walikuwa wanasumbuka bure." Akachukua kikapu chake akateremka kilima kuelekea Bangwe.

Nilirudi jikoni nikafunga mlango, nikakomba sufuria peke yangu. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.